Kaseti ya Sylvanus Haikuwa na Shetani

Na musiniambie tena eti ni kaseti tu. Nimeskia hiyo maneno hapo stage ya matatu Ogembo, nimeiskia kwa hoteli nikikunywa chai, na mwingine akirudia tutashikana mashati.

Sylvanus Nyangate alikuwa fundi wa redio, kibanda chake kimepakana na changu cha kutengeneza simu. Mtu wa hapa hapa, asubuhi anachuna majani chai, mchana anachoma waya. Zamani kuna mwalimu fulani mzungu alikuwa anarudi kwao, akamwachia kompyuta. Commodore. Imekaa kama kibodi nene, unaichomeka kwa TV. Programu zake zinakaa kwa kaseti, hizi hizi za nyimbo. Na kumbukumbu yake yote haiwezi kubeba hata picha moja ya mtu akikula mutura, ile unatumiwa kwa WhatsApp.

Humo ndani Sylvanus alitengeneza kitu inaitwa demo. Si mchezo, hakuna kushinda. Unakaa, unatazama, unaskiliza, unaona vile hiyo mashine inaweza ikishikwa na mtu anaijua. Yake ilianza na giza. Halafu milima ya chai inapita polepole, kijani juu ya kijani, ukungu unashuka. Katikati inatokea obokano, kinanda chetu cha nyuzi nane, nyuzi zinatetemeka zenyewe. Hiyo mashine inatoa sauti tatu tu kwa wakati mmoja. Jamaa alizizungusha haraka hadi ungeapa umeskia nyuzi zote nane. Ilimchukua miaka.

Siku alituonyesha pale kibandani, mimi nilisogeza kiti karibu na TV. Machogu kinyozi ndiye alifungua mdomo.

"Sasa hiyo inaleta pesa?"

"Yaya," Sylvanus akasema. Hapana.

"Kwani inafanya nini?"

"Inafanya hivyo unaona."

"Omogaka, mzee wangu, si ungepanda ndizi tu!"

Watu wakacheka mpaka mtu akamwaga uji. Sylvanus naye akacheka, akazima. Hakuna mtu alionyeshwa tena, hata bibi yake.

Mwaka jana stroke ikampiga. Mkono wa kulia umelala kwa paja, mdomo umepinda. Halafu Ijumaa moja, kabla jua liingie, bibi yake Drusilla anasafisha nyumba kujiandaa kwa Sabato, akapata kaseti haina jina. Akafikiria ni ya kwaya, akaiweka kwa redio.

Kaseti ya kompyuta ukiiweka kwa redio inapiga nduru, kama panya wamefungiwa kwa debe. Ndivyo programu inaskika, iko sawa kabisa. Lakini nani alikuwa amemwambia Drusilla? Akaita Manasseh, mzee wa kanisa.

"Dada, hii sauti si ya mtu," Manasseh akasema.

"Ni ya nini?"

"Usiniulize. Choma."

Wakachoma nyuma ya jikoni, pamoja na majani ya ndizi. Sylvanus ako kwa kiti ndani, anaskia kila kitu, anajaribu kuita, neno halitoki. Drusilla akadhani anataka maji. Akampelekea maji.

Mimi nilifika Jumapili, Drusilla akanisimulia hiyo nduru, nikajua ni kaseti gani. Nilimfokea huyo mama hadi akalia.

"Mama, mumechoma kazi yake yote!"

"Mwanangu, ningejua aje? Aliniambia lini?"

Angemwambia aje, na sisi tulimcheka mbele ya watu? Nikaenda kwa Manasseh. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Kijana, enda uoge kwanza." Akafunga mlango.

Kompyuta bado iko. Inawaka, skrini ya bluu, tupu. Mkono wa kuandika tena ndio hakuna.

Lakini wiki jana maneno yalianza kumrudia Sylvanus. Kidogo kidogo, kama mtoto. Akanivuta shati, akasema, "Upande wa pili." Nikamuuliza upande wa pili wa nini. Ilichukua mchana mzima kumuelewa. Kumbe zamani ukimletea kaseti imekwama, hakuitisha shilingi. Aliitisha nafasi, ile inabaki tupu upande wa pili wimbo wa mwisho ukiisha. Hapo ndipo aliweka nakala za demo yake, kaseti ya huyu, kaseti ya yule. Wenye kaseti walitoka Kenyenya, Nyamarambe, hapa Ogembo. Majina hakumbuki.

Basi skia wewe. Hizo kaseti za kwaya za mamako, ziko kwa sanduku chini ya kitanda, toa. Piga upande wa pili mpaka mwisho. Ukiskia nduru, zima. Usikemee pepo, usiite mzee wa kanisa, usiguse kiberiti. Lete kwa kibanda yangu Ogembo, kando ya kinyozi ya Machogu, huyu mzee akiwa bado anapumua.