Masahihisho ya Penseli

Saa mbili asubuhi, kabla chai haijapoa, anaweka rula ya mbao chini ya mstari wa kwanza kwenye kioo cha kompyuta. Anausoma kwa sauti ya chini, kisha anageukia sanduku la karatasi alinganishe na kitabu chenyewe. Ndivyo anavyoanza kila siku, mwaka wa kumi na moja sasa. Leo mkono wake unagusa sakafu ya sanduku. Ni tupu.

Wenzake humwita Bi Rula. Kazi yake ni kusahihisha vitabu vya zamani vilivyopigwa picha na kusomwa na mashine ili vichapishwe upya. Mashine hukosea, yeye hurekebisha: kurasa arobaini kwa siku, makosa hata ishirini katika ukurasa mmoja. Yuko kwenye miwani ya tatu. "Ya nne watanizika nayo," anasema.

Kitabu kilichokuwa sandukuni kinafundisha tiba ya mbuzi na kondoo. Mwandishi wake, daktari wa mifugo aliyekwisha kufariki, aligundua baada ya kuchapishwa kwamba vipimo kadhaa vya dawa vilikuwa vikubwa mno. Kwa miaka kumi na tano alivisahihisha kwa penseli pembezoni mwa nakala yake. Mjane wake aliikabidhi ofisi nakala hiyo kwa sharti moja: irudi.

Ofisi ilikata mgongo wa kitabu, kurasa zikaachana, ili zipite upesi kwenye mashine. Mashine, iliyotegwa kufuta uchafu, ikafuta hata maandishi ya penseli. Bi Rula alikuwa akiyarudisha masahihisho moja moja kutoka kwenye karatasi zile. Alikuwa amefika ukurasa wa 94 kati ya 212.

Mfagiaji ndiye anayempa habari. Jana meneja aliagiza makaratasi yote yaliyolegea yatolewe, na gari la taka limeshapita. "Dada, mimi nilijua umemaliza," anasema, ufagio umemganda mkononi.

Bi Rula anamwendea meneja. Meneja hapandishi sauti. Anaeleza kwamba sehemu iliyobaki itachapwa kama mashine ilivyoitoa, na mjane akija aambiwe kitabu kiko kwa mjalidi, kinatiwa jalada upya. "Kwani mbuzi wanasoma?" anatania.

"Mfugaji anasoma," Bi Rula anamjibu. "Atapima dawa kama tulivyochapa, azike zizi zima. Halafu atamlaani marehemu."

Anarudi mezani, anaandika kwenye kipande cha karatasi namba ya simu ya daktari mwingine wa mifugo. Mpango wake ni kumwomba apitie kurasa 118 zilizobaki, kipimo kwa kipimo.

Saa tano mjane anaingia, mkononi ana mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe wa kukibebea kitabu. Meneja anamvutia kiti na kuanza hadithi ya mjalidi. Mama wa watu anaitikia kwa upole. Atasubiri, anasema, haraka haina baraka.

Bi Rula anasimama.

"Mama, hakuna mjalidi. Kitabu chako tulikikata, na jana tukakitupa. Nilikiona kinakatwa nikanyamaza, niliogopa kupoteza kazi. Mkono wa mumeo umebaki kwenye kurasa tisini na nne tu. Zilizobaki sizipitishi mpaka daktari mwingine wa mifugo azikague, hata kama leo ndiyo siku yangu ya mwisho kwenye kiti hiki."