Kanzu Tano na Tambara Lisiloacha Nyuzi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Shule niliishia darasa la nne, nikaingia Tabora kutoka Nzega na baiskeli isiyo na breki, na leo nina karakana yangu Chemchem, mafundi wanne, na wakulima wa tumbaku mpaka wa Usinge wananiletea pampu za matrekta yao. Injini ikikohoa tu, najua inaumwa nini.

Kazi ya pampu na nozeli ni kazi ya usafi. Nozeli ndiyo inayonyunyiza dizeli ndani ya injini, na matundu yake ni madogo kuliko ncha ya sindano. Uzi mmoja wa tambara ukiingia, injini inatoa moshi mweusi na mteja anarudi na maneno. Kwa hiyo tambara nalichagua kama mtu anayechagua mchumba. Taulo jipya silitaki, linaacha manyoya. Mabaki ya mafundi cherehani yamejaa nyuzi ukingoni. Fulana za nailoni hazinywi mafuta, zinayasukuma tu huku na huku. Kinachofaa ni pamba iliyovaliwa miaka mingi na kufuliwa mpaka ikamaliza kupukutika. Nafuta kioo, nakiinua juani. Nikiona unyuzi mmoja, tambara hilo linakwenda kufuta matairi.

Sasa, jirani yangu mmoja alifiwa na mumewe. Ni bibi wa ukoo wa Kiarabu, watu waliofanya biashara mji huu tangu misafara ya kwenda Ujiji. Yeye ndiye aliyeniachia baraza ya duka lao nilipokuwa sina hata spana ya kwangu. Miaka miwili nilitengeneza baiskeli pale bila kodi. Eda ilipokwisha aliniita, akanipa kanzu tano za marehemu, zimekunjwa vizuri.

"Hii ni sadaka yake," akasema. "Wewe unakutana na watu wengi. Watafutie wasio nazo, wavae Ijumaa."

"Inshallah, mama. Hesabu zimeshavaliwa."

Na nilidhamiria hivyo. Lakini nilipofika karakana nikazipapasa. Jamani! Pamba ya zamani, nyepesi, nyeupe, uchafu wowote utauona. Nikafuta kioo kwa upindo wa moja, nikakiinua juani: safi. Nikajiambia maskini watapata nguo kwingine. Nikachukua mkasi, nikatoa mishono, maana ndiko nyuzi ziliko, nikazimaliza zote tano.

Miezi miwili hakuna nozeli iliyorudi. Nikawa natamba mbele ya mafundi kwamba tambara kama langu halipo Tabora nzima.

Asubuhi moja yule bibi akashuka kwenye bajaji, ameleta nozeli ya jenereta lake.

"Shikamoo, bibi," fundi wangu mmoja akamwamkia huku anajifuta mikono kwa kipande cha kanzu.

"Marahaba." Jicho lake halikutoka kwenye kile kitambaa. "Hebu nipe hicho."

"Utachafuka, bibi! Ila hilo tambara ni kiboko. Bosi kalichagua mwenyewe."

Akakigeuza. Katikati palikuwa na kiraka kidogo, kimeshonwa kwa uzi wa samawati. Mimi nilikiona siku ile ya mkasi, nikakipita tu.

"Uzi mweupe uliniisha," akasema, kama anajisemea. "Ilikuwa asubuhi ya Idi. Akaniambia shona tu kwa huo huo, nani atanitazama mgongo?"

Bibi akanigeukia mimi.

"Mwanangu, ulikuwa huna tambara?"

Tambara nililoshika nikalificha nyuma ya mgongo.

"Ungeniambia. Nina mashuka ya pamba kabatini, ya tangu harusi yangu, ningekupa. Lakini zile hazikuwa zangu, wala sikukupa wewe. Ilikuwa akiba yake ya safari ya akhera."

Nikaingiza mkono mfukoni. Akauzuia kwa kiganja chake.

"Pesa za nini? Sikudai. Kuna watu watano hawana cha kuvaa."

Akaondoka na nozeli yake na kile kipande chenye kiraka, kina grisi vilevile.

Nyumbani mke wangu hakunihurumia. "Bingwa wa injini! Sadaka ya maiti umefutia grisi, halafu unauliza chakula kiko wapi?"

Nilikuwa nikidhani najua kila kinachopita kwenye vidole vyangu. Pamba niliijua. Ilikokuwa inakwenda, niliambiwa na sikusikia.

Alhamisi nilizunguka madukani nikipapasa kanzu mojamoja, za nailoni nikazikataa. Nikawapata wapagazi watano wa stesheni. Wanne zikawakaa. Wa tano alikuwa mrefu kama nguzo, ikaishia kwenye magoti, wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini, ikabidi niirudishe dukani, ashonewe yake. Nikamtumia bibi salamu kwamba kesho watano wanaingia msikitini wamevaa. Jioni bajaji ikaniletea nozeli mbovu ya jenereta, imefungwa kwenye shuka mbili kuukuu za pamba. Kioo nilikifuta, safi.

Kanzu nne za dukani, moja ya kushonesha, na bajaji ya kuzungukia: shilingi laki moja na elfu thelathini na sita.