Kwapa la Namba Saba

Hakuna msichana anayeota kwamba akikua atanusa makwapa ya wanaume kwa mshahara. Hata huyu hakuota. Aliingia kiwanda cha sabuni kama mfungashaji, na angefungasha mpaka uzeeni kama si siku ile watu wa maabara walipopita idara kwa idara na trei ya vichupa, wakitafuta watu wenye pua. Vichupa vyote vilikuwa na harufu ileile, ila katika vingine imezimuliwa kwa maji mengi na katika vingine kidogo, na kazi ilikuwa kuvipanga kuanzia hafifu hadi kali. Wenzake walivipanga ovyo ovyo, wengine wakisukumana na kucheka. Yeye alivipanga sawasawa, kisha akamwambia aliyeshika trei: kitunguu ulichokula asubuhi kinanisumbua pua. Baada ya hapo akapewa koti jeupe na jina jipya: Bi Pua.

Chumba alichohamishiwa kilikatwa katikati na pazia zito lenye matundu. Upande wa pili waliketi wanaume waliovua mashati, kila mmoja ameweka mkono kichwani kama aliyekamatwa na polisi, kwapa limeelekezwa tunduni. Juu ya kila tundu palikuwa na namba. Wanusaji walipita mmoja mmoja, pua ndani ya kikombe cha karatasi kilichotobolewa kitako, wakavuta pumzi fupi na kumnong'oneza karani alama. Sifuri maana yake hakuna kitu. Tano ni mtu aliyeshinda juani. Tisa, mwisho wa alama, ni beberu aliyefungiwa stoo. Kati ya kwapa na kwapa ulitakiwa unuse kiwiko chako mwenyewe ili pua ipumzike, maana harufu yako umeizoea na pua haiihesabu.

Pazia lilikuwa na sababu yake. Mkuu wa chumba, dada mmoja mpole wa miwani, aliwaeleza kwamba mtu akiona sura nzuri hupunguza alama bila kujijua, na akiona mwenye majivuno huongeza. "Mimi nataka pua zenu tu," alisema. "Macho na mioyo acheni kwenye makabati, pamoja na mikoba."

Nyumbani, Bi Pua alisema anafanya kazi maabara, upande wa vipimo. Uongo hapo haukuwepo. Mumewe, fundi cherehani aliyependa kuongea kuliko kushona, alichukua neno hilo la maabara akalitia pamba na bitana, mpaka wateja wake wakaamini mkewe amebakiza kidogo tu awe daktari. Majirani walikuja kumuuliza habari za vikohozi vyao. Aliwaambia wanywe maji mengi, nao wakapona.

Katika makwapa yote aliyowahi kukutana nayo, aliloliheshimu ni la Namba Saba. Jasho la wengine lilikuja na kuondoka kulingana na jua na walichokula. La Namba Saba lilisimama kwenye tisa kama nguzo ya umeme. Dawa mpya ya kwapa ikitengenezwa, swali la kwanza lilikuwa moja: imemshusha mpaka wapi? Kuna iliyomfikisha nne, na maabara nzima ikapiga makofi. Uso wake Bi Pua hakuwahi kuuona, wala hakuutamani. Lakini lile kwapa, ungemfunga kitambaa machoni na kumpeleka sokoni, angelitambua katikati ya umati.

Sasa binti yake akaja na habari kwamba amepata mchumba. Kijana ni fundi umeme, mchapakazi, hanywi, na Jumapili angefika na mjomba wake kujitambulisha.

"Ana kasoro gani?" mama aliuliza.

"Hana kasoro, mama. Ila wiki nyingine huwa mvivu wa kuoga."

"Hiyo si kasoro," baba alisema kutoka kwenye cherehani. "Hiyo ni tabia ya kiume."

Jumapili wageni wakafika. Kijana alivaa koti zito, limefungwa vifungo vyote, ingawa joto lilikuwa la kumfanya mtu atamani kuvua ngozi. Aliamkia vizuri, akaketi mbali na kila mtu, mikono imebana mbavu. Mjomba wake, mzee wa maneno ya mpangilio, alianza kueleza ukoo wao ulivyo wa watu wastaarabu. Alikuwa amefika kwenye habari za babu yake wakati taa ya sebuleni ilipoanza kupepesa, ikazima, ikawaka, ikazima tena.

"Si tuna fundi hapa," baba akasema kwa furaha. "Mwanangu, hebu tuangalizie."

Kijana alijaribu kusema hana vifaa. Baba akamletea bisibisi ya cherehani. Akasema ataitazama siku nyingine. Mjomba akamkazia macho. Basi akapanda kwenye stuli, lakini koti halikuruhusu mikono kufika darini, na mjomba, aliyetaka mambo yaende mbele, akamwamuru alivue. Kijana akalivua kama mtu anayevuliwa cheo. Akainua mikono.

Bi Pua alikuwa chini yake, ameishikilia stuli isicheze. Pua yake ikafanya kazi kabla yake.

"Tisa," akanong'ona.

"Tisa nini, mama?" binti akauliza.

"Saa," akasema haraka. "Nasema saa tisa imefika."

Mjomba akatazama saa yake. "Ni saa tano na kitu."

Juu ya stuli kijana alikuwa ameganda, bisibisi hewani. Sauti ile aliijua. Kwa miezi mingi alikuwa ameisikia sentimita chache kutoka mbavuni mwake, ikinong'ona neno lilelile moja. Akateremka polepole.

"Mama," akasema, "wewe ni wa chumba cha pazia?"

"Na wewe ndiwe Saba."

Kikombe cha mjomba kikatua mezani. "Mnafahamiana?"

"Uso wake ndiyo kwanza nauona leo," Bi Pua akajibu, akidhani anasaidia.

"Ni kweli, mjomba," kijana akaunga mkono. "Huwa navua shati, naye anakuja upande wa pili wa pazia. Tukimaliza kila mtu anakwenda zake."

Baba alisimama. Alikuwa mtu mfupi, lakini dakika ile alionekana amerefuka. Mkewe akaona kwamba asipoisema kazi yake yote, na upesi, kutazuka kesi ambayo ukoo wowote mstaarabu usingeitatua. Akaisema yote: vichupa, matundu, vikombe, kiwiko. Kijana naye akaeleza kwamba hicho ni kibarua chake cha ziada, na wiki za majaribio hawaruhusiwi kutia sabuni wala marashi kwapani.

"Kumbe si uvivu," binti akasema. Alikuwa kati ya kulia na kucheka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Nikwambie kwapa langu ndilo linaloajiriwa?"

Baba akakaa chini. "Kwa hiyo maabara ndiyo hiyo," akamwambia mkewe. "Mimi nimewaambia watu unachunguza damu." Kicheko kikamtoka puani, kikamzidi, mpaka ikabidi mjomba ampige mgongo. Alipopata pumzi akauliza swali lililomkaa rohoni: "Na mimi nina ngapi?"

"Wewe sijui," mkewe akasema. "Nimekuzoea. Nikikunusa wewe ni kama nanusa kiwiko changu."

Baba hakujua kama ametukanwa au amependwa, akaamua kuendelea kucheka. Uchumba ukakubaliwa siku hiyohiyo, madirisha yote yakiwa wazi.

Shida ilianzia kazini. Katika majaribio yaliyofuata Bi Pua alifika kwenye tundu la saba, akavuta pumzi, akamnong'oneza karani: sita. Mkuu wa chumba akamwita pembeni.

"Wenzako wote wametoa tisa. Hajapakwa kitu leo."

"Nimetoa nilichonusa."

"Rudia."

Akarudia. Alivuta mpaka kikombe kikabonyea. Harufu ilikuwa ileile, aliitambua kona zake zote, lakini ule ukali uliokuwa ukimpiga kama kofi haukuwepo. Mahali pake palikuwa na kijana juu ya stuli, anahangaika na taa ya watu. "Saba," akasema, "nikijilazimisha."

"Kuna nini kati yako na huyu mtu?"

"Anamchumbia binti yangu."

"Bado si mkwe, basi."

"Pua yangu imeshawaoza."

Mkuu wa chumba alidhani anazungumzia kitu kilichooza, akaanza kukagua matundu ya pua yake kwa tochi. Walipoelewana walicheka wote wawili, lakini Bi Pua usingizi ulimpaa. Hakuwa amedanganya alama hata siku moja maishani, na sasa pua yake yenyewe ilikuwa imeegemea upande bila kumwomba ruhusa. Asubuhi akaenda mwenyewe kuomba ahamishwe. Namba Saba hakuweza kuondolewa. Kiwanda kilimhitaji kuliko kilivyomhitaji yeye, na hilo alilikubali bila kinyongo.

Wakampeleka chumba cha jirani, kwenye poda ya miguu. Huko hakuna pazia wala watu, kuna soksi tu ndani ya mitungi, na soksi haijaribu kukuoa wala kukuolea. Siku ya kwanza alifungua mtungi wa nne, akainama, akachelewa kuinuka hata karani akamuuliza kama yuko sawa.

"Kumi," akasema. Akafunika mtungi kwa heshima zote, akatoka uani kupata hewa, na kwa furaha kwamba pua yake bado haina upendeleo, akala mkate wake wote na wa karani.