Akina Chande Wote Ni Mtu Mmoja

Asubuhi hiyo kompyuta ilitoa hukumu: wale wanaume wote waliojazana mlangoni petu ni mtu mmoja.

Mtu mmoja! Na huyu mrefu kama mnazi, yule mfupi kama kinu.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye kampuni moja yenye mahoteli kuanzia Diani hadi Msambweni. Ofisini wananiita Tembo, kwa sababu nimekonda kama ufagio. Watu wa Ukunda hawana huruma.

Tangu usiku tulikuwa ofisini tukihamisha kumbukumbu za wafanyakazi kutoka databesi kuukuu kwenda toleo jipya. Nairobi wakatuletea mtaalamu, Beryl, dada wa miwani na haraka.

Toleo jipya likakuta akina Chande Alamin Chande kibao, wote wamezaliwa Januari mosi, mwaka mmoja. Likawafungia. Kadi zao zikakataliwa getini.

"Hawa ni wafanyakazi hewa," Beryl akasema. "Tembo, bakisha mmoja, futa wengine."

"Dada Beryl, huku kwetu mtoto hupewa jina la babu yake. Majina ni yale yale, yanazunguka. Na asiyejua siku aliyozaliwa, kitambulisho humpa Januari mosi."

"Sistimu haidanganyi."

"Haidanganyi, lakini haijawahi kufika Msambweni."

Chande mmoja, dobi wa hoteli, akasogea, jasho linamtiririka.

"Asalaam aleikum. Mke wangu amelazwa, kesho anajifungua kwa upasuaji. Bima ni ya kampuni. Mkinifuta mimi, mmemfuta na yeye."

Nikaondoa mkono kwenye kibodi. "Mimi sifuti."

"Nitakuripoti Nairobi!"

"Ripoti. Na ukitaka wafutwe, kidole unacho. Bonyeza."

Akabonyeza. Wallahi, akabonyeza!

Skrini ikaganda. Ikaandika: msimamizi wa sistimu hayupo. Beryl akajaribu kuingia, wapi! Nairobi wakajaribu, wapi! Simu zikaanza kulia kila hoteli.

"Tembo, msimamizi wa sistimu ameandikishwa kwa jina gani?"

"Chande Alamin Chande."

"Ni yupi kati ya hawa?"

Nikasimama. "Naam."

Mlangoni nao wakaitika "Naam!" kama watoto wa madrasa.

Beryl akaketi taratibu, kama aliyesikia msiba. "Kumbe wewe... Una nakala ya databesi ya zamani?"

"Ninayo."

"Basi jirudishe, tafadhali."

"Sirudi peke yangu. Tunaingia sote au tunabaki nje sote."

"Unanitisha?"

"Nakuomba, dada yangu. Ila ombi lenyewe halipungui."

Simu ya Nairobi ikalia tena. Akaitazama. Akamtazama dobi.

"Warudishe wote."

Siku hizi sistimu inatutambua kwa namba ya kitambulisho. Beryl mwenyewe ndiye aliyeiagiza hivyo, na sasa akinipigia simu husema, "Shikamoo, Chande." Ananitania, lakini naitikia marahaba.

Mke wa dobi alijifungua salama, mtoto wa kiume. Babu yake ni Alamin, kwa hiyo jina halikuhitaji kikao: Alamin Chande Alamin.

Nimeshachungulia kwenye databesi. Wako kibao.

Ndugu msomaji, siku ukiambiwa wewe umezidi, usinong'one mlangoni. Itika naam, kwa sauti, na wenzako waitike nawe.