Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Riwaya niliyoifundisha kidato cha nne pale Inyonga kwa miaka miwili sikuwahi kuisoma hadi mwisho. Nimelikana jambo hili mbele ya Mkuu wa Shule, mbele ya mkaguzi, na mbele ya wanafunzi ambao leo wana watoto wakubwa. Nimelikana hata mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, sina cheo cha kulinda wala bosi wa kumwogopa. Walimu vijana huniuliza riwaya ilifundishwaje enzi zetu. Siwezi kuwajibu nikiruka hapo.

Siku ya kwanza kazini nilishuka kwenye basi nikiwa na sanduku, godoro lililofungwa kwa kamba, na shahada ya fasihi ambayo niliamini watu wanaiona usoni mwangu. Mkuu wa Shule alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza huku akiangalia dirishani. Alinionyesha orodha ya vitabu vya mtihani, akaweka kidole kwenye riwaya moja.

"Hii unaifahamu?"

"Nimeisoma chuo kikuu, Mkuu," nikasema. "Mara mbili."

Chuo kikuu nilisoma makala iliyoizungumzia. Tulisoma makala nyingi kuhusu vitabu vingi, na tulikuwa hodari wa kubishana juu ya kurasa ambazo hatukuzifungua.

"Basi umetuokoa," akasema. "Mwalimu aliyetangulia aliogopa riwaya. Alifundisha ushairi mwaka mzima."

Stoo niliikuta na nakala kumi na moja. Nikachukua moja, nikaenda nayo nyumbani, nikaisoma kwa siku mbili hadi ukurasa wa mia na kumi na mbili, ambapo mhusika mkuu amesimama mlangoni mwa duka la ushonaji na mtu anamwita jina lake. Baada ya hapo palikuwa na jalada. Nikarudi stoo kuchukua nakala nyingine. Zote kumi na moja ziliishia hapohapo.

Mlinzi wa shule hakukataa kosa. Alikuwa anasokota sigara ya tumbaku ya kienyeji wakati namuuliza.

"Tumbaku hapa Inyonga tele, Madam. Karatasi ndiyo shida, na kitabu hicho karatasi yake laini. Lakini nilianza nyuma, kwa heshima ya masomo. Nikasema hawa watoto wataanza mbele. Mpaka wafike huku nyuma, serikali itakuwa imeshaleta vingine."

"Vyote kumi na moja?"

"Ningemaliza kimoja si ningemwonea mtoto mmoja? Nilichukua kidogo kidogo, sawasawa."

Ningeweza kwenda kwa Mkuu kumweleza. Lakini angeniambia, kwa upole wake, kwamba si neno, nitawasimulia watoto mwisho kwa kuwa nimeisoma mara mbili. Kwa hiyo nilimtangulia. Niliingia darasani nikasema kurasa za mwisho zimepotea, nami nitawasimulia mwenyewe.

Niwaeleze kwanza tulivyofundisha. Riwaya tuliikata mapande mawili: fani, yaani namna hadithi ilivyojengwa, na maudhui, yaani yale inayoyasema. Chini ya fani uliandika wahusika, mandhari, muundo, mtindo na matumizi ya lugha. Chini ya maudhui uliandika dhamira, ujumbe na falsafa. Wanafunzi wakanakili. Kitabu kizima kiliingia kwenye ubao mmoja na nafasi ya tarehe ikabaki. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aache kulima akasome kitu kama hicho.

Riwaya yenyewe ilimhusu Asteria, mwanamke aliyeondoka kwa mumewe asubuhi moja, akafunga mlango kwa nje, akaondoka na ufunguo. Alipanda lori hadi mji mdogo, akajifunza cherehani. Mumewe akawa anatuma salamu. Swali lililokuwa linatuvuta lilikuwa moja tu: atarudi?

Mimi nilikuwa na jibu, na nililipata kwa utaalamu. Kuna kitu tunakiita kidokezo: mwandishi anadondosha jambo dogo mapema ili aje kuliokota baadaye. Ufunguo ulidondoshwa sura ya kwanza. Ufunguo hufungua mlango. Kwa hiyo Asteria alirudi, akafungua mlango, akamsamehe mumewe. Nikaliandika ubaoni nikiwa na furaha ya fundi aliyetengeneza redio bila kuwa na vipuri vyote.

Kabula akanyoosha mkono. Alikuwa binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, na alikuwa msomaji. Kitabu kilikuwa cha watu wanne, lakini yeye alisubiri wenzake wachoke ndipo akakichukua.

"Madam, huyu mama hawezi kurudi."

"Kwa nini?"

"Ufunguo. Mwanzoni umefungwa kwenye pindo la khanga, anaugusa kila hatua. Sura ya tatu umetundikwa msumarini. Sura ya tano mtoto wa jirani anauchezea. Sura ya saba anachokolea nyuzi zilizonasa kwenye cherehani. Ufunguo ni uleule, kazi yake ndiyo imebadilika. Mwandishi hajasema amesahau kwake. Ametuonyesha mkono tu."

Mvulana wa nyuma akadakia, "Kabula, wewe kahesabu ng'ombe. Mambo ya funguo tuachie sie ambao nyumba zetu zina milango."

Darasa likacheka. Kabula akacheka pia.

"Hata ng'ombe hakwambii anaenda wapi," akamjibu. "Unaangalia kichwa amekigeuzia wapi."

Nilijua palepale kwamba amenishinda. Mwalimu mzuri angekaa chini, akamwambia endelea. Mimi nikamwambia mtihani hauulizi ng'ombe.

"Sawa, Madam," akasema. "Ila huko mwisho, alipofungua mlango, ndani alikuta nini?"

Darasa zima likaniangalia. Nikashika chaki, nikatazama juu kidogo kama watu wanaokumbuka.

"Alikuta amani," nikasema.

Kabula aliketi. Wiki iliyofuata nikatoa insha ya mwisho wa riwaya. Wote waliandika kwamba Asteria alirudi. Yeye aliandika kurasa nne kwamba hakurudi. Nikampa sifuri, kwa wino mwekundu, na chini nikaandika: "Soma kitabu." Sijawahi kuandika maneno mawili ninayoyaonea aibu kuliko hayo.

Insha hiyo ndiyo tuliyotumia kuchagua wa kutuwakilisha kwenye shindano la uandishi la wilaya. Mkuu wa Shule akaniita. Safari hiyo hakuangalia dirishani.

"Mwalimu, huyu Kabula si ndiye uliyenisifia?"

"Amekuwa mbishi, Mkuu. Anabuni mambo ambayo hayamo."

"Una uhakika hayamo?"

"Nimekisoma mara mbili."

Akapelekwa mvulana wa milango. Kabula hakulia wala hakunung'unika. Aliacha tu kunyoosha mkono, na daftari la hadithi alilokuwa akiniletea kila Ijumaa sikuliona tena. Kwenye mtihani wa mwisho, sijui darasa langu liliandika nini kuhusu Asteria, na sikutaka kujua.

Baadaye nikahamishiwa shule ya Mamba. Huko wanafunzi walitoka mashambani wakiwa na matope ya mpunga hadi magotini, na somo la mchana walilipokea kwa kusinzia. Siku moja, kwa kukata tamaa, nikaacha ubao nikaanza kuwasomea riwaya nyingine kwa sauti. Hiyo niliisoma yote kwanza. Nilikuwa nimejifunza angalau hilo. Nikaona usingizi unakatika palepale mwandishi alipokataa kutuambia tulichotaka, akatupa kitu kingine cha kushika kwa muda. Hiyo ndiyo taharuki. Zamani niliwafundisha kuwa ni hali ya msomaji kuwa na hamu ya kujua kitakachotokea, wakanakili bila hamu yoyote. Sasa nilikuwa nafunga kitabu mlango unapogongwa, na wananifuata hadi ofisini: "Madam, nani anagonga?"

Kisha nikawaambia wachague kitu kimoja kwenye riwaya, kiatu, kikombe, jembe, wakifuate sura kwa sura waone kinavyobadilika kazi. Waliweza. Watoto ambao hawakuweza kutofautisha ujumbe na falsafa waliweza kuniambia kwa nini baba fulani ameanza kunywea kikombe cha marehemu.

Mkaguzi alikuja, akakaa nyuma ya darasa kwa vipindi viwili. Alikuwa mwanamama mwenye miwani ya kamba na kalamu isiyopumzika.

"Mbinu hii ya kufuata kitu umeitoa wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi ya kutaja jina moja tu la silabi tatu.

"Ni utafiti wangu mdogo," nikasema.

Akaandika. Nikaitwa Mpanda kwenye semina kuwafundisha walimu wengine. Nikapigiwa makofi. Nikahamishiwa Mpanda mjini kwa sifa hiyo, nikaishi juu ya mbinu ya Kabula hadi kustaafu. Ile sifuri yake ilinipandisha cheo.

Katikati ya miaka hiyo nilipita Tabora, nikaikuta ile riwaya kwa muuza vitabu vya mitumba aliyevitandaza kwenye turubai. Nikakigeuza kitabu. Kurasa za mwisho zilikuwepo, safi, hazijavutwa na mtu. Nilichotakiwa kufanya ni kusoma kurasa chache nikiwa nimesimama. Nikakirudisha. Muuzaji akauliza kama nimekosa ninachotafuta. Nikamwambia ndiyo.

Nilistaafu kwa hiari nilipofika umri unaoruhusu. Watu hudhani mwalimu mstaafu huona wanafunzi wake wote wakipita mbele yake kama gwaride. Mimi namwona mmoja, ameketi. Ninalima mboga nyuma ya nyumba, na ninaandika makala ambazo wanangu wanasema ni nzuri bila kutaja iliyowapendeza. Nimefikiri sana kuhusu riwaya. Naamini sasa kwamba mwandishi humpa msomaji kitu mkononi, kisha hunyamaza na kumwacha aamue kina uzito gani. Msomaji huyo humwamini mwandishi kwa sababu ya ule ukimya. Mimi nilikuwa mwalimu niliyeogopa ukimya, nikaujaza kwa neno amani.

Wale wa Inyonga waliposikia nimestaafu walinitia kwenye grupu la WhatsApp. Wakanipongeza kwa maua ya kila rangi. Yule mvulana wa nyuma, sasa baba mwenye kipara, akaandika: "Madam, kabla hujapumzika tumalizie ubishi. Asteria alirudi au hakurudi?"

Nilikuwa jikoni kwangu, sina mtu wa kunihukumu. Nikaandika: "Alirudi."

Kesho yake asubuhi, nikiwa namwagilia mchicha, simu ikaita. Namba ngeni.

"Shikamoo, Madam. Mimi Kabula."

"Marahaba, mwanangu. Uko wapi siku hizi?"

"Niko huku Ugalla, ni afisa mifugo. Nimerudi kwa ng'ombe, kama nilivyoshauriwa." Akacheka kidogo. "Madam, jibu lako la jana nimeliona kwenye grupu. Binti yangu anasoma Tabora. Amenipatia kitabu kizima. Nikusomee kuanzia mia na kumi na tatu?"

Nikaweka ndoo chini, ikaanguka.

"Soma."

Alisoma taratibu, kwa sauti ileile ya darasani. Aliyemwita Asteria ni mumewe, amekuja mwenyewe mjini. Hakuja na maneno, ameomba ufunguo. Asteria anatazama msumarini, haupo. Anatazama mezani, haupo. Mtoto wa jirani anauleta ukiwa umefungwa uzi, alikuwa anauburuta kama gari. Umeshika mafuta ya cherehani. Asteria anaufuta kwenye gauni lake, anampa. Mume anauliza kama hatakuja kufungua mwenyewe. Asteria anasema kuna suruali ya mwalimu inatakiwa saa kumi. Kisha anainamia mashine.

"Imeisha hapo," Kabula akasema.

Nikasikia ng'ombe upande wake wa simu. Upande wangu maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye ndoo iliyolala.

"Ulijua lini kwamba sijaisoma?"

"Siku ileile. Nilikuuliza ndani alikuta nini. Mtu aliyesoma angesema alikuta sufuria, au panya, au vumbi. Wewe ulisema alikuta amani. Nilikuwa na daftari zima la hadithi, Madam. Nikawaza, kama anayejua haya mambo anaweza kufanya hivi, basi labda hayana maana. Nikaliwashia moto wa kuchemshia maziwa."

Nilitafuta la kujitetea, kwa mazoea, kisha nikaliacha.

"Ulikuwa sahihi, Kabula. Na ile mbinu yako nimeifundisha miaka yote hii kama yangu."

"Nilisikia. Mwalimu wa binti yangu alikuwepo semina ya Mpanda." Hakupandisha sauti. "Sasa hayo uliyoniambia mimi, andika kwenye grupu. Wenzangu nao walipewa amani."

"Nitaandika leo."

"Andika sasa hivi, Madam. Nipo."

Nikaketi kwenye tofali kando ya mchicha, nikaiweka simu kwenye spika, nikaandika kwa kidole kimoja: Asteria hakurudi. Sikuwahi kukisoma kitabu. Kabula aliwaambieni ukweli, nikampa sifuri, kisha nikaishi kwa akili yake. Nikatuma. Yeye hakukata simu mpaka alipoona ujumbe umeingia.