Saa ya Moshi

Nakumbuka siku moja, nayo ni Jumamosi iliyopita tu, nilimwamsha mama yangu kwa dawa ya mbu. Usicheke, mwanangu. Najua niko kidato cha tatu na mtoto sina, lakini niliyoyafanya yananitosha kukushauri.

Mama ni muuguzi. Alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, na usiku anaingia tena. Akanipa simu yake: "Niamshe saa tisa. Usingizi wangu wote wa leo ndio huo." Mimi nikacheza gemu mpaka chaji ikaisha. Umeme nao umekatika, na saa ya ukutani hatuna.

Ndipo nikawakumbuka Wachina wa kale, niliowasoma shuleni. Wale watu walikuwa na vichwa! Mchana na usiku pamoja waliugawa vipande kumi na viwili, kila kipande na mnyama wake: saa sita mchana ni ya farasi, saa tisa anaingia nyani. Mijini walipiga ngoma mnarani, basi hata asiye na kitu alijua muda. Nyumbani walichoma udi wa kuungua polepole, mwingine ukibadilika harufu, mtu anageuka kitandani na pua inamwambia ni saa ngapi. Aliyetaka kuamshwa alipitisha juu ya udi uzi wenye vyuma. Moto ukiufikia unakatika, vyuma vinaanguka kwenye sinia, kwang'! Hebu fikiria, moshi unakuamsha.

Nikachukua dawa ya mbu ya kuchoma, ile iliyojiviringa, uzi, na nati za gereji ya mjomba kule Kizota. Nikaitega dirishani, moshi usimsumbue mama. Sasa upepo wa Dodoma si unaujua? Uliipuliza ile dawa kama unachochea jiko.

Kwang'! "Mama, amka, saa ya nyani imefika!"

Akaoga, akavaa sare, anafika mlangoni, msikitini ndiyo kwanza wanaadhini adhuhuri. Akajilaza tena, wapi! Usiku akaenda kwa wagonjwa hivyohivyo, anapiga miayo.

Mwanangu, ukiiga akili ya watu, iige yote. Wale waliukinga udi wao na upepo, wakaujaribu kwanza kabla ya kuutegemea. Na majaribio yako usiyafanyie kwenye usingizi wa mama. Mungu akujalie kichwa cha wale Wachina, subira yao, na chaji isiyoisha.

Asubuhi mama aliporudi nilimpa shikamoo ya adabu zote. Akavua viatu, akanitazama, akasema: "Marahaba. Ila hiyo saa yako ya nyani, humu ndani ilianza siku niliyokuzaa."