Mama anayeandika majina ya njia za Kamkole

Saa moja kasoro asubuhi, jua likiwa bado chini ya mapaa ya bati, Romana Telesphor amekwisha kuchuchumaa mbele ya nguzo ya mninga kwenye kona ya vichochoro viwili vya Mtaa wa Kamkole, pembezoni mwa mji wa Mpanda. Mkono wa kulia umeshika brashi. Wa kushoto umeshika kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, tayari kufuta rangi itakayochuruzika.

Hatua mbili nyuma yake, juu ya kigoda, ameketi mumewe, Cleophas. Kopo la rangi nyeusi amelipakata mapajani kama mtoto mchanga.

"Umefika wapi?" anauliza.

"Nipo kwenye M."

"Imebaki nafasi gani?"

"Vidole vinne."

Cleophas anafikiri kidogo, uso ameuelekeza upande yanakotoka maneno ya mkewe. "Vinatosha. V na I hazili nafasi. Ila banabana huo mguu wa mwisho wa M."

Romana anabana. Dakika chache baadaye kibao cheupe kinasomeka bila shida: NJIA YA CHUMVI. Mwanamke mmoja anayepita na ndoo ya maji kichwani anasimama, anasoma kwa sauti, anacheka mwenyewe, kisha anaendelea na safari yake.

Romana ana miaka 47. Mumewe ana 63, na ni mwaka wa kumi na saba tangu alipoona herufi kwa mara ya mwisho.

Kamkole si mtaa wa zamani sana. Watu walianza kujenga huku wakifuata viwanja vya bei nafuu ng'ambo ya reli, kila mmoja akielekeza mlango wake alikotaka. Matokeo yake ni vichochoro vinavyopinda, vinavyokutana na kuachana, na vingine vinavyoishia kwenye choo cha mtu.

Barabara kubwa zilipata majina na vibao wakati wa zoezi la anwani za makazi. Vichochoro vikabaki na namba za kwenye karatasi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Mtu akielekezwa, aliambiwa "nyuma ya mashine" au "ukifika kwa mama muuza mkaa, uliza".

Kilichowaamsha wakazi ni uchungu wa uzazi uliompata Doto Ambrosi, mwaka juzi, mchana wa mvua kubwa.

"Dereva wa bajaji alikuwa ananipigia simu, anauliza nipo wapi," anasimulia Doto, mama wa watoto watatu. "Namwambia nyumba ya bati jekundu. Ananiambia mama, mabati mekundu hapa nayaona kumi. Mimi nalia, yeye naye huko kwenye matope karibu alie."

Doto aliamua kutoka kumfuata kwa miguu. Hakufika mbali. Mtoto alizaliwa barazani kwa Dorotea, mjane anayeuza vitumbua, ambaye hajawahi kumzalisha mtu maishani mwake.

"Nilijua kukaanga tu," anasema Dorotea, akitazama mikono yake kana kwamba hata leo haiamini. "Lakini mtoto alikuja, nikampokea. Ningefanyaje?"

Mtoto huyo, Josephina, sasa anatembea. Wiki moja baada ya kuzaliwa kwake, mwenyekiti wa mtaa, Edgar Malale, aliitisha mkutano. Wakazi wakakubaliana kwamba vichochoro vyote kumi na tisa vipate majina, na kila kaya ichangie vibao. Mwenyekiti alipouliza ni nani anayejua vichochoro hivyo viliitwaje toka mwanzo, vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Waligeuka kwa baba Dorice," anasema Romana, akimwita mumewe kwa jina la binti yao. "Mtaa huu ameutembea wote akiandika milango ya watu. Macho yalipokwisha, ukabaki kichwani."

Cleophas alikuwa mchora vibao mwenye jina mjini. Maduka mengi ya kata ya Kashaulili ya miaka ile yalipita mikononi mwake: mabucha, saluni, wauza mbegu, mafundi redio. Romana alimkuta akiwa kwenye kazi hiyo alipoolewa naye, akitokea kijiji cha Kasekese, kwenye familia ya wakulima. Shule aliiacha darasa la kwanza ili alee wadogo zake, mama yao akiwa mgonjwa.

"Sikujua kusoma hata jina langu," anasema bila kuficha. "Nilikuwa naosha brashi na kujaza rangi ndani ya mistari aliyochora yeye. Kwangu herufi zilikuwa michoro, kama maua ya kitenge."

Kisha ikaja presha ya macho. Ilianza kwa kuona pete za rangi kuzunguka taa, na Cleophas akadhani ni uchovu. Alipokwenda kupimwa, jicho moja lilikuwa limekwisha kufa na la pili lilikuwa njiani. Alikuwa na miaka 46 na binti mmoja wa miaka mitano.

Miezi ya mwanzo, Romana anasimulia, mumewe alikuwa halali wala haongei. Alikaa kitandani akipapasa brashi moja baada ya nyingine, anazipanga kwa ukubwa, anazivuruga, anazipanga tena.

Romana akaamua kuifanya kazi mwenyewe. Nyumbani kulikuwa na maboksi ambayo Cleophas aliyakata umbo la kila herufi, ya kuchorea haraka. Alikuja mteja mwenye duka la dawa, akamwandikia maneno kwenye karatasi. Romana akalinganisha umbo na umbo, akapaka siku nzima, akarudi nyumbani amechoka na amefurahi.

Kesho yake mji ulikuwa unacheka. Boksi la W alikuwa ameliweka juu chini. Kibao kilisomeka: DUKA LA DAMA.

"Kila aliyepita aliuliza hiyo dama inauzwa kwa vidonge au kwa kilo," anasema, na sasa anaweza kutabasamu. "Nilikimbia kwa njia ya nyuma. Nikamwambia mume wangu mteja kaahirisha. Nilidanganya."

Cleophas alikuwa amekwisha kusikia kwa majirani. Hakucheka wala hakumuuliza. Jioni ile, mara ya kwanza baada ya miezi, alitoka mwenyewe kitandani, akapapasa ukuta hadi barazani, akakaa karibu naye.

"Nipe kiganja," alimwambia.

Kwa ncha ya kidole akachora. "Hii imesimama kwa miguu yake. Ni M. Hii imenyoosha mikono juu, inaomba. Ni W. Umeona? Huwezi kumsimamisha kwa kichwa mtu anayeomba."

Ndivyo masomo yalivyoanza. Herufi moja kila jioni, kiganjani, wakati mwingine mgongoni mtoto akishalala. Cleophas anasema ndiyo yaliyomtoa kitandani. "Nilidhani sina kazi tena duniani. Kumbe kulikuwa na mtu mmoja ambaye mimi ndiye shule yake."

Ilichukua miezi minane. Siku Romana alipojua kwamba amejua, alikuwa kliniki na binti yao. Amekaa kwenye benchi, anaigeuzageuza kadi ambayo amekuwa akiibeba kwa miaka bila kujua imesema nini. Macho yakaanza kuokota: D, O, R. Dorice. Akashuka mstari wa chini. Jina la mama: Romana Telesphor.

"Nilijikuta nimo," anasema, na hapo anasimama kidogo kuifuta pembe ya jicho kwa khanga. "Muda wote huo nilikuwa nimeandikwa humo, mimi sijui."

Tangu hapo amelea nyumba kwa brashi. Anaandika vibao vya maduka, mbavu za bajaji, matangazo ya kwaya, misalaba ya makaburini. Kwa kibao cha njia analipwa shilingi elfu nane, na rangi peke yake humeza karibu nusu. Hakuna siku, anasema, iliyomtajirisha, lakini Dorice amesoma mpaka chuo cha ualimu.

Majina ya njia za Kamkole wameyakusanya wawili. Cleophas anakumbuka, Romana anaandika daftarini, kisha wanakwenda mlango kwa mlango kuhakikisha.

Njia ya Chumvi ndiko walikopumzika akina mama walioshuka stesheni na mizigo ya chumvi ya Uvinza. Inasemekana gunia moja liliwahi kupasuka hapo, na kwa mwezi mzima mbuzi wote wa mtaa hawakuondoka. Njia ya Mluzi ni ya mfanyakazi wa reli, marehemu sasa, aliyekwenda kazini kila alfajiri akipiga mluzi, watoto wakaamka kwa huo wakaenda shule. Njia ya Ndama Watatu ni ya mfugaji wa Kisukuma aliyelala hapo akielekea mnadani kuuza ng'ombe watatu. Usiku huo wote watatu wakazaa. Hakwenda tena mnadani, alinunua kiwanja.

Ya Josephina mdogo haikuhitaji mjadala. Mbele ya baraza la Dorotea kuna kibao kilichoandikwa NJIA YA MAPOKEZI.

Ilibaki njia ya kumi na tisa, ile wanayoishi wao.

Katika mkutano wa mwisho, mwenyekiti Malale alipoifikia kwenye orodha, kijana wa bodaboda aitwaye Shukuru alisimama. Alisema kwa nia njema kabisa, kama watu wote wanavyosema. "Mwenyekiti, hiyo si inajulikana? Abiria wote wananiambia nipeleke Kwa Kipofu. Andikeni tu Njia ya Kipofu, tusihangaike."

Baadhi ya watu walitikisa kichwa kukubali. Wengine walitazama chini.

"Nilifunga daftari," anakumbuka Romana, aliyekuwa akiandika majina. "Nimeshaandika misalaba ya watoto wadogo hadi herufi ya mwisho. Lakini hilo, hapana."

Alisimama. "Nitaandika njia zote za mtaa huu," aliwaambia. "Hilo siandiki. Tafuteni fundi mwingine."

Cleophas akamvuta khanga taratibu. "Kaa, mama Dorice." Kisha akainuka yeye.

"Wanangu, kuniita kipofu hamnitukani. Ni kweli sioni. Lakini upofu ni kitu kilichonipata, sikukifanya mimi. Chumvi ililetwa na watu. Mluzi ulipigwa na mtu. Nyie mkitaka kunitaja, nitajeni kwa kitu nilichokifanya."

Dorotea ndiye aliyejibu kwanza. Alisema msalaba wa mumewe uliandikwa na Cleophas, na alipotaka kulipa, Cleophas alimwambia akawanunulie wanawe unga. Mwingine akasema jina la baba yake bado liko juu ya mlango wa duka kwa rangi ya mkono huohuo. Mtu wa tatu akataja kibao cha kisima. Mwishowe Shukuru akasimama tena, kofia mkononi.

"Mzee, naomba radhi. Nilisema kwa mazoea."

"Nimekusikia, mwanangu. Kaa."

Mwenyekiti akapendekeza Njia ya Mwandishi, maana ndivyo wazee wa huku wanavyomwita mchora vibao. Makofi yakaanza. Cleophas akainua mkono kuyazuia.

"Ongeza," alisema. "Waandishi. Tuko wawili."

Romana anasema hakumbuki kilichofuata mkutanoni. Anakumbuka tu kwamba waliporudi nyumbani alichelewa kuwasha jiko, na mumewe hakumuuliza kwa nini.

Kibao hicho kilipakwa Jumamosi moja, majirani wakisimama kutazama. Romana aliandika herufi zote isipokuwa ya mwisho. Akamwita mumewe, akamshikisha brashi, akauweka mkono wake juu ya kibao, akauachia. Cleophas akavuta I kutoka juu hadi chini kwa pumzi moja, kama mtu anayeshuka ngazi aliyoijenga mwenyewe.

"Imenyooka?"

Ilikuwa imelala kidogo upande wa kulia. Kila aliyekuwepo aliona.

"Imenyooka, baba Dorice," alisema Romana. Hakuigusa. Mpaka leo iko hivyo, na Shukuru anasema abiria wake wameanza kuzoea kusema "nishushe kwa Waandishi", ingawa wazee wachache bado wanasahau.

Sasa vibao vyote vya Kamkole vimesimama isipokuwa kimoja, ambacho kinasubiri nguzo. Lakini kazi nyingine imekwisha kubisha hodi. Wavuvi wa Ikola, huko ziwani, wamemwomba Romana akawaandikie majina kwenye boti, na viongozi wa kijiji wanataka njia zinazoshuka kwenye vichanja vya kuanikia dagaa nazo ziwe na vibao.

Atakwenda mvua zikiisha, na safari hii hataki kwenda peke yake. Cleophas hajafika ziwani tangu macho yalipokwisha. Mwanzoni alikataa, akisema atakuwa mzigo kwenye basi. Romana akamwambia hana mtu mwingine wa kukaa na wazee wa Ikola na kuwauliza kila njia ilipataje jina lake, yeye akiwa juu ya boti na brashi.

"Kibao kinapigwa na jua, kinapigwa na mvua, miaka mitano rangi imebanduka," anaeleza Romana, akifunga kopo kwa kuligonga na kisigino cha kiganja. "Ila watu wakijua jina lilitoka wapi, hata kibao kianguke, watakirudisha wenyewe. Ndiyo maana nataka yaandikwe yote. Dorice ameahidi kuyachapa, tupeleke nakala shuleni."

Amekwisha kununua daftari jipya, la kurasa mia mbili. Na Cleophas, ambaye alikuwa hataki kwenda, ameanza kumuuliza kila siku kama mvua imebaki nyingi.